“Si waliichagua Hamas wenyewe?” Kura ya 2006 na watoto wa Gaza

Picha ya mtoto wa Gaza ikipita kwenye kundi lolote la WhatsApp, hakosekani wa kuuliza: “Lakini si waliichagua Hamas wenyewe?” Swali hutupwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala. Wapo wanaomjibu kwa matusi, wapo wanaomjibu kwa mistari ya vitabu vitakatifu, na baada ya dakika kumi watu wamerudi kwenye mpira.

Binafsi naona swali hilo lijibiwe kwa utulivu, maana ndani yake kuna maswali matatu yaliyofungwa kwa kamba moja. Nani hasa alipiga kura? Kura ile ilizaa nini? Na kumpigia mtu kura kunakubebesha kiasi gani cha anayoyafanya baadaye? Nyingi ya kelele zetu zinatokana na kulijibu moja huku tukidhani tumeyajibu yote.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Mtoto, kwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ni yeyote ambaye hajafikisha miaka 18. Raia, katika sheria za vita, ni mtu yeyote asiye mpiganaji, awe anaipenda serikali yake au anailaani usiku na mchana. Hamas ni vuguvugu la Kiislamu la Kipalestina lililoanzishwa 1987, lenye uongozi wa kisiasa na jeshi lake, Brigedi za al-Qassam. Mpinzani wake mkubwa ni Fatah, chama cha marehemu Yasser Arafat na cha rais wa sasa, Mahmoud Abbas.

Hesabu ya umri

Uchaguzi unaozungumziwa ni mmoja tu, ule wa Baraza la Kutunga Sheria la Palestina uliofanyika tarehe 25 Januari 2006 huko Gaza, Ukingo wa Magharibi na Yerusalemu ya Mashariki. Aliyeruhusiwa kupiga kura ni mwenye miaka 18 na kuendelea, yaani aliyezaliwa kabla ya mwisho wa Januari 1988. Vita kati ya Israel na Hamas ilipoanza Oktoba 2023, mpiga kura mdogo kuliko wote wa siku ile alikuwa na miaka 35.

Sasa mchukue mtoto mkubwa kuliko wote aliyekuwepo Gaza mwezi huo, yule aliyebakiza siku chache kutimiza 18. Huyo alizaliwa Oktoba 2005. Siku ya uchaguzi alikuwa na miezi mitatu, ananyonya. Waliobaki wote ni wadogo kuliko yeye, na karibu nusu ya watu wa Gaza, ambao walikuwa zaidi ya milioni mbili, walikuwa chini ya umri huo. Kwa hiyo kwa watoto, swali la kwanza linakwisha kabla ya kugusa siasa wala dini. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeuawa katika vita hii aliyewahi kumchagua mtu yeyote.

Septemba 2024 Wizara ya Afya ya Gaza ilitoa orodha ya majina ya waliouawa na kutambuliwa. Ilikuwa na kurasa 649 na majina zaidi ya 34,000, yamepangwa kwa umri kuanzia mdogo. Anayeifungua anakuta safu ya umri imeandikwa 0. Anageuza ukurasa, bado ni 0. Kurasa zaidi ya kumi za mwanzo zilijaa watoto ambao hawakufikisha hata mwaka mmoja, wakiwemo waliozaliwa vita ikiwa tayari imeanza. Kufikia Julai 2025 wizara hiyo ilikuwa imehesabu vifo zaidi ya 60,000, na zaidi ya 18,000 kati yake ni vya watoto. Kweli, wizara iko chini ya utawala wa Hamas, na Israel imezipinga takwimu zake mara nyingi. Lakini orodha hutolewa kwa jina na namba ya kitambulisho, na katika vita zilizopita hesabu zake zilikaribiana na zile za Umoja wa Mataifa. Jambo ambalo haifanyi ni kutenganisha wapiganaji na raia. Umri inautaja.

Kura zile zilizaa nini

Tuwaache watoto pembeni kidogo, twende kwa wazazi wao. Je, ni kweli kwamba “Wapalestina waliichagua Hamas”?

Hamas ilishinda, na waangalizi wa kimataifa, akiwemo rais mstaafu wa Marekani Jimmy Carter, walisema uchaguzi ulikuwa huru. Ilipata viti 74 kati ya 132, Fatah 45. Ukiishia hapo utadhani taifa zima lilisimama upande mmoja. Lakini mfumo wenyewe ulikuwa na sehemu mbili. Viti 66 vilitokana na orodha za vyama kwa uwiano wa kura za nchi nzima, na humo Hamas ilipata asilimia 44 na Fatah asilimia 41. Kwa viti ni 29 kwa 28, wamekabana koo. Viti 66 vilivyobaki vilikuwa vya wilaya, na huko ndiko Fatah ilikozama: Hamas 45, Fatah 17.

Hebron inaonyesha vizuri ilivyokuwa. Wilaya hiyo ilikuwa na viti tisa, na mpiga kura aliruhusiwa kuweka alama kwa majina hadi tisa. Watu wa Hamas walipanga safu moja yenye nidhamu. Upande wa Fatah, wagombea rasmi waligawana kura na wanachama wenzao waliokatwa majina, wakanuna, wakaingia kama wagombea binafsi. Hamas ikabeba viti vyote tisa. Hadithi hiyo msomaji wa Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa mara mbili. Kila msimu wa kura za maoni za vyama tunaiona.

Kwa kura halisi za orodha, Hamas ilipata kama 440,000, Gaza na Ukingo wa Magharibi vikijumlishwa. Wengi wa waliozipiga walikuwa wamechoshwa na Fatah, iliyoshika Mamlaka ya Palestina tangu 1994 na kunuka rushwa na ajira za kujuana. Orodha ya Hamas yenyewe iliitwa Mabadiliko na Mageuzi. Hata hivyo tusiwafanye wapiga kura wale kuwa malaika wasiojua kitu. Miaka michache nyuma, watu wa Hamas walikuwa wakijilipua ndani ya mabasi na migahawa ya Israel, na kila aliyeingia kituoni alilijua hilo. Wengine waliipa kura licha ya hilo, na wengine, bila shaka, kwa sababu ya hilo.

Halafu kuna Juni 2007, mwezi ambao wenye swali letu huuruka. Baada ya ushindi, Marekani, Umoja wa Ulaya na wafadhili wengine walisitisha misaada kwa serikali ya Hamas, na ugomvi wake na Fatah ukageuka mapigano ya mitaani. Juni 2007 Hamas iliwatimua Fatah kutoka Gaza kwa mtutu wa bunduki. Tangu hapo Wapalestina wana tawala mbili, mmoja Gaza na mwingine Ramallah, Ukingo wa Magharibi, na Israel pamoja na Misri zikaikaza mipaka ya Gaza. Kiti ambacho Hamas imekalia miaka yote hii ilikipata mwezi huo. Muhula wa wabunge wa 2006 ungekwisha 2010. Abbas naye alichaguliwa Januari 2005 kwa miaka minne, na bado yupo.

Hakujafanyika tena uchaguzi wa rais wala wa Bunge. Ulipangwa mmoja, wa tarehe 22 Mei 2021. Orodha 36 zilijiandikisha, watu walikuwa na hamu. Mwishoni mwa Aprili Abbas akauahirisha, akisema Israel haijaruhusu kura kupigwa Yerusalemu ya Mashariki. Wapalestina wengi waliamini aliogopa kushindwa, kwa kuwa Fatah ilikuwa imegawanyika vipande vitatu. Vyovyote iwavyo, mtu wa Gaza aliyetaka kuiondoa Hamas kwa karatasi hakupewa karatasi. Waliojaribu kwa miguu walikiona: maandamano ya Machi 2019 dhidi ya kodi na ugumu wa maisha, yaliyobeba kauli ya “tunataka kuishi”, yalizimwa kwa virungu na kukamatwa watu.

Deni na jinai

Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo linalotuhusu sote tunaopiga kura popote. Kuna namna mbili za kubeba matokeo ya mtu uliyemchagua, na watu huzichanganya.

Chukua kikoba cha mtaani. Wanachama wamemchagua mwenyekiti. Akikopa benki kwa jina la kikundi na fedha zikayeyuka, wanachama wote wanalipa, hata yule aliyempinga kikaoni, hata aliyejiunga mwezi uliopita. Hawalipi kwa sababu wamekosa. Wanalipa kwa sababu ni wanakikundi. Lakini mwenyekiti huyohuyo akichukua panga akamjeruhi jirani, polisi watamtafuta yeye, aliyempa panga na aliyemshikia mlango. Mama lishe aliyempa kura halali rumande, sembuse mwanawe wa chekechea.

La kwanza ni uwajibikaji wa kisiasa. La pili ni hatia ya jinai. La kwanza linaweza kuwafikia wasiopiga kura na hata wasiozaliwa bado. Mwaka 1952 Ujerumani Magharibi ilikubali kuilipa Israel fidia ya mabilioni ya marka kwa maangamizi ya Wayahudi. Zilitoka kwenye hazina ya nchi, yaani kwenye kodi za watu ambao miongoni mwao walikuwepo waliompinga Hitler na vijana waliokuwa wanasoma chekechea alipokuwa madarakani. Ni halali, na wengi tunaona ni haki. Lakini kilichodaiwa kwao ni fedha, ukweli na kuibadili nchi yao. Waliofanya mauaji walitafutwa mmoja mmoja, kwa majina, na kupandishwa kizimbani.

Sheria za vita zimesimama juu ya tofauti hiyohiyo. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 33, unasema mtu aliye chini ya ulinzi wake asiadhibiwe kwa kosa ambalo hakulitenda mwenyewe, na unakataza adhabu za pamoja. Itifaki ya Ziada ya 1977 inasema raia hulindwa isipokuwa kwa muda ule anaposhiriki moja kwa moja katika mapigano. Kupiga kura hakuhesabiwi kuwa ni kushiriki mapigano, wala kulipa kodi, wala kushangilia barabarani. Israel haikujiunga na itifaki hiyo, lakini kanuni ya kutenganisha raia na wapiganaji ni desturi inayozifunga nchi zote, nayo Israel yenyewe inakiri kufungwa nayo.

Hapo pana kitu ambacho hakizungumzwi vya kutosha: hoja ya “waliwachagua” si utetezi rasmi wa Israel. Oktoba 2023 Rais wa Israel, Isaac Herzog, alisema kule Gaza ni taifa zima linalowajibika. Waandishi walipombana akasema hakumaanisha raia ni shabaha halali. Maneno yake hata hivyo yalinukuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki katika amri yake ya tarehe 26 Januari 2024, kwenye kesi iliyofunguliwa na Afrika Kusini dhidi ya Israel. Mawakili wa Israel hawakusimama mbele ya mahakama hiyo, The Hague, kudai kwamba mpiga kura auawe. Walidai kwamba Hamas inajificha katikati ya watu. Ina maana ndugu yetu wa WhatsApp anatetea jambo ambalo mawakili wenyewe wamelikwepa.

“Lakini…”

Hoja hiyo ya kujificha ina uzito, kwa hiyo isipuuzwe. Mpiganaji anayefyatua roketi kando ya shule au kuchimba handaki chini ya nyumba za watu anavunja sheria. Ila kosa lake haliufuti wajibu wa upande wa pili. Kamanda bado anatakiwa kupima kama madhara kwa raia yatapita kiasi yakilinganishwa na faida ya kijeshi anayoitarajia, na kuchukua tahadhari. Mtu akimkamata mtoto wa jirani na kumfanya ngao, mtoto hageuki kuwa mali ya aliyemkamata.

Wengine hutaja kura za maoni. Zipo, na hazipendezi upande wowote. Utafiti wa Arab Barometer uliofanywa Gaza siku chache kabla ya tarehe 7 Oktoba 2023 ulikuta asilimia 44 hawaiamini kabisa serikali ya Hamas, na asilimia 23 wanaiamini kidogo tu. Desemba mwaka huo, mabomu yakishuka, kituo cha utafiti cha Ramallah kikakuta asilimia 57 ya waliohojiwa Gaza wakisema Hamas ilikuwa sahihi kushambulia. Septemba 2024 walikuwa wameshuka hadi asilimia 39. Kauli hizo zinaweza kukuudhi, na una haki ya kubishana na mwenye nazo. Bado ni rai tu, na wahojiwa wote walikuwa watu wazima.

Vipi kijana wa miaka 16 aliyeshika bunduki? Huyo, kwa muda anaopigana, anaweza kushambuliwa kama mpiganaji yeyote, na umri haumkingi. Akikamatwa, anatendewa kama mtoto. Aliyemwingiza vitani naye ana la kujibu. Akimsajili aliye chini ya miaka 15, ni uhalifu wa kivita. Lakini anayesema “wakikua watakuwa magaidi” hazungumzii huyo. Anamhukumu mtoto kwa kosa la miaka ishirini ijayo, na kwa hilo sina jibu la kisheria kwa sababu hakuna sheria mahali popote inayofanana nalo.

Hoja haichagui upande

Njia rahisi ya kuipima hoja ni kuigeuza. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas na washirika wake waliua watu kama 1,200 nchini Israel na kuteka wengine kama 250. Katika waliotekwa alikuwemo mtoto wa miezi tisa na kaka yake wa miaka minne. Wote wawili walirudishwa maiti. Israel ilikuwa imefanya uchaguzi Novemba 2022, mwaka haujatimia. Wapo waliosema hakuna raia Israel, wote ni wapiga kura na askari wa akiba. Anayekataa kauli hiyo, na lazima ikataliwe, hawezi kuikubali ikivuka ua kuelekea Gaza. Siku ile waliuawa pia vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa huko kwa mafunzo ya kilimo. Hakuna aliyewauliza walimpigia nani kura.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kuiogopa hoja hii. Mwaka 2002 ilisambazwa barua kwa Wamarekani kwa jina la Osama bin Laden. Ilidai kuwa Wamarekani huichagua serikali yao na kuilipia kodi, basi hakuna asiye na hatia miongoni mwao. Mtandao wake, al-Qaeda, ulikuwa umeshatuonyesha maana ya fikra hiyo tarehe 7 Agosti 1998, ulipolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Zaidi ya watu 200 walikufa, karibu wote Waafrika. Nairobi, jengo la Ufundi lililokuwa jirani na ubalozi liliporomoka likiwa na watu waliokwenda kazini na darasani. Kura ya Mmarekani ilikuwa ndiyo kisingizio, na waliofukiwa ni watu ambao hawajawahi hata kuliona sanduku lake.

Mpiga kura hana wajibu wowote, basi? Anao, na mzito, ila ni kwa yale ambayo mkono wake unayafikia. Februari 2024, kwenye kura za mchujo za chama cha Democratic jimboni Michigan, zaidi ya watu 100,000 walitia alama kwenye kisanduku cha kutojifunga kwa mgombea yeyote. Wengi wao walitaka kumwonya Rais Joe Biden kuhusu silaha anazoipa Israel. Unaweza kuona walikosea mbinu. Walau waliiona silaha iliyonunuliwa kwa kodi zao kuwa ni jambo la kujibiwa na wao. Israel nayo, kwa sheria yake, inatakiwa iwe imefanya uchaguzi wa Bunge kufikia mwishoni mwa Oktoba 2026.

Kwa upande wa Wapalestina, Septemba 2025 Abbas aliliambia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa njia ya video, kwamba uchaguzi utafanyika ndani ya mwaka mmoja baada ya vita kumalizika, na kwamba Hamas haitakuwa na nafasi katika utawala. Usitishaji mapigano ulianza tarehe 10 Oktoba 2025. Ahadi kama hiyo Wapalestina wameshaisikia, wakajiandikisha, wakafungiwa mlango. Ikitimizwa safari hii, kila mtu wa Gaza aliye chini ya miaka 38 atakuwa anachagua Bunge kwa mara ya kwanza maishani mwake.